Mawe Matatu Kiunoni mwa Amisi

Nilipokuwa na miaka tisa, mgongo wangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa Amisi, mdogo wangu. Mama alikuwa shambani kwenye mpunga tangu asubuhi, Baba alikuwa Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi nikitoka shule tu, kikwembe hiki, mtoto huyu, beba. Kwetu Kasongo msichana wa kwanza hazaliwi, anaajiriwa! Nasema hivyo nikicheka, maana yule mtoto nilimpenda mpaka nikagombana na wenzangu waliotaka kumbeba hata kidogo.

Kabla ya Amisi, Mama alizika watoto wawili, wote hawajaanza kutambaa. Kwa hiyo alipozaliwa huyu, hakuna aliyethubutu kushangilia. Bibi yangu, yaani mama yake Baba, ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alipotimiza miezi miwili, Bibi alimnyanyua mara mbili hewani akasema, "Huyu naye iko mwepesi. Anatafuta njia ya kurudia wenzake."

Wazee wa kwetu waliamini kwamba mtoto anayezaliwa nyuma ya makaburi za nduguze hajafika duniani mzima mzima, na asipozuiliwa kwa kitu kizito ataondoka. Bibi alikuwa na kitu hicho. Lilikuwa jiwe jeusi la kasiterite, madini ya bati, moja kati ya machache ambayo Baba aliyaleta kutoka machimboni, dogo kama yai la kuku anayetaga mara ya kwanza, lakini ukilishika, mkono unashuka wenyewe. Alilishonea ndani ya mkanda wa kitambaa akamfunga Amisi kiunoni. Mama aliuona mkanda, hakuuliza kilichomo. Mama mkwe hahojiwi.

Mimi nilimwona akishona, kwa hiyo mimi ndiye niliyekabidhiwa siri. Bibi alinivuta sikio, si kwa nguvu, akaninong'oneza, "Zaina, jiwe likitajwa linakufa. Ukisema kwa mutu, hata mama yako, Amisi ataenda. Umesikia?"

Nilisikia. Niliogopa hata kuliwaza jiwe lile nikiwa karibu na watu.

Kila mwezi palikuwa na siku ya kilo. Akina mama walijaa kwenye baraza la kituo cha afya, mizani imening'inizwa kwenye boriti, na kila mtoto anavalishwa suruali ya kamba, anatundikwa, anapiga mayowe. Munganga, ndivyo tulivyomwita muuguzi wetu na kila mwenye koti jeupe, anasoma mshale, kisha anatia nukta kwenye karatasi ya mtoto na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anarudi nyumbani kifua mbele. Ukishuka, majirani watajua kabla hujafika kwako.

Munganga alisema kila mara, "Mumuvue mutoto kila kitu." Alipofika kwa Amisi akagusa mkanda, Bibi alimkata jicho. "Ule haufunguliwi mbele ya watu, mwanangu." Foleni ilikuwa ndefu, na nusu ya watoto walikuwa na vikamba vyao. Munganga akaacha. Nukta ikapanda.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi uliofuata Bibi alimnyanyua tena wakati wa kumwogesha, akaguna. Kesho yake kwenye mkanda kulikuwa na jiwe la pili. Mwezi mwingine akamnyanyua, akaguna zaidi, likaingia la tatu. Kila mikono yake ilipomwona mtoto mwepesi, aliongeza uzito wa kumzuia. Na kila alipoongeza, karatasi ya kilo ilisema mtoto anakua vizuri kabisa. Mama akawa anatabasamu, anarudi shambani bila wasiwasi.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa napewa Amisi akiwa uchi, maji yakimchuruzika, mkanda ukiwa pembeni. Nilijua. Mapaja yaliyokuwa na mikunjo yalikuwa yamenyooka. Zamani alinivuta nywele mpaka nikamlaani. Sasa alilaza kichwa begani kwangu na kutulia, na watu walisema mtoto mpole. Jamani, mtoto wa miezi mitano mpole wa nini! Nilitaka anivute nywele. Nilikuwa kati ya mambo mawili: nikinyamaza anaisha, nikisema anakufa.

Siku ya kilo ya mwezi wake wa tano, Munganga alisoma mshale, akainua karatasi ya Amisi juu ili wote waone. "Muangalie mutoto wa Mama Zaina. Mustari unapanda tu. Mufanye kama yeye!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akainamisha uso kwa haya, anacheka. Na mimi nikaangua kilio, kilio cha msibani kabisa, kamasi na machozi.

"We, nini tena? Wivu?" Mama akaniuliza.

"Iko mwepesi!" nikalia. "Munganga, Amisi iko mwepesi! Mawe ndiyo mazito!"

Nilimtazama Bibi pale kwenye benchi, nikangoja kofi. Bibi alisimama. Alitembea mpaka kwenye mizani bila kunitazama, na kabla Munganga hajanyoosha mkono, akamwambia, "Acha. Mimi ndiye nitafungua." Fundo lilimsumbua, lakini hakukubali kusaidiwa. Akautoa mkanda, akauweka mezani, mezani pakalia.

"Mumupime tena," akasema.

Mshale ulishuka. Munganga akarudi kwenye karatasi, akafuata nukta kwa kidole, moja moja, kurudi nyuma. Bibi akamuuliza mshale unasema nini.

"Unasema tangu mwezi wa pili mutoto hajaongeza kitu."

"Mimi niliona," Bibi akasema, sauti imekauka. "Mikono yangu iliona. Ndiyo maana niliongeza mawe."

Munganga angeweza kumfokea mbele ya watu wote, na wapo ambao wangefanya hivyo. Hakumfokea. Alimfungua Amisi viganja, akatuonyesha jinsi vilivyokuwa vyeupe, akasema damu imepungua, malaria imejificha humu. Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, mikono yako imeona kabla ya mizani yangu. Ungeniambia. Mimi na weye tungesaidiana."

"Mficha uchi hazai," Bibi akajibu, akakaa.

Amisi alipewa dawa. Munganga alisema pia mtoto anakosa ziwa, mama yuko mbali kutwa nzima, hawezi kukua kwa uji mwembamba wa nyumbani. Kesho yake alfajiri Bibi, na mgongo wake ule mbovu, alibeba jembe akaenda kwenye mpunga, akamwacha Mama nyumbani anyonyeshe. Alikwenda kila siku mpaka mavuno. Mimi nilishinda nikiweka kidole chini ya pua ya Amisi kuona kama anapumua, maana nilikuwa nimelitaja jiwe. Baada ya wiki kadhaa alinivuta nywele, nikalia kwa furaha. Leo ni baba mtu, ana pikipiki ya abiria kati ya Kasongo na Kabambare, na tumbo limeanza kutangulia.

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni. Mimi ndiye niliyemwokoa ndugu yangu, tena dhidi ya ujinga wa wazee. Nilisoma uuguzi, nikaanza kupima watoto wa watu kule Kabambare, na majivuno hayo nilikwenda nayo. Safari moja nilirudi likizo, Bibi amezeeka sana, tumekaa tunachambua mchele, nikamuuliza kwa ule utani wetu, "Bibi, siku ile ndiyo uliacha kuamini mawe?"

"Aka! Nani alikuambia niliacha?"

"Sasa mbona uliufungua mkanda mwenyewe?"

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akasema, "Weye ulikuwa umeshataja. Nilijua mutoto ameenda. Na nilijua akifa, utasema ni ulimi yako iliyomuua, utabeba neno hiyo mpaka uzee. Mutoto wa miaka tisa! Nikasema heri watu waone ni mukono yangu iliyofungua."

Nilimshika ule mkono, akauondoa, akaniambia tumalize mchele kabla jua halijakuwa kali.

Sijajisifu tena tangu siku hiyo. Mimi nilisema kwa sababu nilishindwa kunyamaza. Bibi yangu, pale mbele ya mizani, aliamini kwamba mjukuu mmoja ameshaondoka, akaharakisha kumwokoa wa pili. Wa pili nilikuwa mimi.