Njia Inayopita Langoni kwa Dorah

Ukitaka kwenda Homa Bay kwa baiskeli, usimuulize mwenye gari. Atakuonyesha lami, na lami ya Awendo ina wenyewe, malori ya miwa, yatakutupa mtaroni hata jasho halijakutoka. Muulize Osoro, fundi wa baiskeli mwenye kibanda cha mabati karibu na stendi. Huyo atakutembeza kwa mdomo mpaka miguu ianze kukuwasha.

"Hapa mnaacha lami," huwaambia wageni, spana mkononi. "Mnashika murram, ile ya udongo mwekundu. Miwa huku, miwa huku, kimya kabisa, ni ndege tu mnasikia. Mnavuka mto Kuja pale darajani, mnapanda polepole. Mkifika juu mpumzike, muangalie nyuma, mtanishukuru. Halafu ni kuteremka kuelekea Ndhiwa. Kabla ya soko, mkono wa kushoto, kuna boma lina lango la bluu na maua mekundu. Simameni hapo muombe maji."

Akifika hapo kwenye maji, sauti yake hupungua. Wageni wengi hawatambui, wanashughulika kupiga picha kibanda. Njia ni nzuri kweli, sitamsingizia. Lakini ipo nyingine iliyo fupi na tulivu vilevile, na Osoro anaijua. Anawazungusha watoto wa watu juani kwa sababu moja tu. Lango lile la bluu ni la binti yake, Dorah, na yeye mwenyewe hawezi kulikaribia.

Nani alimkataza? Alijikataza mwenyewe, kwa mdomo wake, miaka minne iliyopita. Dorah alikuwa amempenda Tony, kijana Mluo wa Ndhiwa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Tony alikuwa na nafasi Jumamosi peke yake, kwa hiyo wazee wake wakaleta ng'ombe wa mahari Jumamosi. Waliwaswaga kwa miguu tangu Ijumaa, wakalala njiani, wakafika kwa Osoro asubuhi, wamelowa mvua. Osoro alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mzee wa kanisa la Wasabato, na cheo kilikuwa bado kinamkaa kichwani. Alisimama langoni na Biblia kwapani.

"Leo ni Sabato," akasema. "Sipokei ng'ombe."

Basi. Hakusema wafungwe pale nyuma ya nyumba mpaka jua litue. Hakusema ingieni mnywe chai. Marehemu mkewe, Nyasuguta, angeyasema yote hayo kabla yeye hajafungua mdomo, lakini Nyasuguta alikuwa amekwenda mwaka mmoja kabla. Wazee wa Tony walitazamana, wakageuza ng'ombe wao. Habari ikafika Ndhiwa kabla yao: Mkisii amekataa ng'ombe wetu. Dorah, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na gauni jipya, alipita mbele ya baba yake, akafuata ng'ombe.

Tangu hapo hakurudi. Na Osoro hakwenda, kwa sababu baba haendi kuketi na kula katika boma la watu ambao ng'ombe wao aliwafukuza; hiyo ni aibu kwa Wakisii na kwa Waluo pia. Aliwatuma wazee wa kwao mara mbili, wakajibiwa kwa adabu kwamba mlango wa kwanza ulifungwa na yeye. Ndipo akaanza kuwatuma wapanda baiskeli. Wao walikunywa maji wakaenda zao Homa Bay, wasirudi na habari. Kwake ilitosha kujua kwamba mtu aliyetoka kibandani mwake asubuhi, kufikia saa sita alikuwa amemwona mwanawe.

Mwezi wa nane alipita msichana wa Nairobi anayeitwa Liz. Osoro alimkazia breki, akamweleza njia, naye akaacha namba ya simu. Jioni hiyo simu ikalia.

"Fundi, njia yako ni moto! Na yule mama wa maji ni poa sana. Nimekutumia picha."

Osoro akafungua picha. Dorah alikuwa langoni na jagi, amenenepa kidogo, na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi ameshika sketi yake. Osoro hakuwa amesikia kuhusu mtoto.

"Ulimwambia nani amekutuma?"

"Eeh, nikasema fundi wa Awendo. Akasema maji yapo kwa kila mtu anayepita. Huyo mtoto anaitwa Nyasuguta. Jina tamu, ama?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Osoro alikaa na simu mapajani, analia wazi wazi mbele ya wateja. Kila mtu anayepita, alirudia moyoni. Si hata mimi basi?

Jumapili alivaa shati la kanisani, akafunga mkungu wa ndizi mbivu kwenye karia ya baiskeli, akashika njia yake mwenyewe. Miwa huku, miwa huku. Darajani aliteremka akasukuma, maana umri si utani. Alipofika kwenye lango la bluu alipiga kengele.

Dorah akatoka. Akamtazama. Akarudi ndani. Akatoka tena, ana jagi na kikombe cha plastiki, akamimina.

"Karibu maji, mzee."

Mzee, si baba. Osoro akanywa yote.

"Unaelekea wapi?" Dorah akauliza, kama anavyowauliza wote, lakini jagi lilikuwa linamwagika kwenye miguu yake.

Hapa, mwanangu. Maneno mawili. Alikuwa ameyabeba kutoka Awendo, yamejaa kinywani. Lakini langoni tena, mbele ya macho yale, ulimi ukamfanyia kama ulivyomfanyia siku ile ya Sabato.

"Homa Bay," akasema.

Dorah akapokea kikombe. Uso wake ukajifunga.

"Njia ni hiyo," akasema. "Nyasuguta, toka barabarani, mgeni apite."

Mtoto akampungia mkono, kama alivyozoea. Osoro hakuweza kugeuza baiskeli mbele yao; alipanda akaendelea, ndizi bado kwenye karia, mpaka juu ya kilima kingine, ziwa linapoonekana. Hapo alikaa kwenye nyasi, akalia mpaka jua likageuka.

Bado anaziba pancha. Wiki iliyopita walifika vijana wawili, akawaeleza yote, mto, kilima, mteremko.

"Na maji, fundi? Njiani yapo?"

Osoro aliinamia gurudumu, akakaza nati.

"Yapo," akasema. "Lango la bluu. Yule mama hamnyimi mtu maji."