Mzee Foleni wa Nyakato

Sisi tuliokulia Nyakato wakati maduka yanaanza kujaa tuna ugonjwa mmoja ambao watoto wetu hawauelewi. Tukiona watu watatu wamesimama wanafuatana, miguu inatupeleka yenyewe. Juzi nimejikuta nimesimama robo saa nyuma ya watu waliokuwa wanangoja kupigwa picha za pasipoti. Sina pasipoti, sina safari. Safari yangu ndefu kwa wiki ni kwenda gengeni, na nikikuta jua kali narudi kujilaza.

Utotoni nilikuwa hivyo hivyo. Wenzangu walikuwa wanaserereka kwenye mawe nyuma ya nyumba za wafanyakazi mpaka kaptula zinatoboka. Mimi kazi yangu ilikuwa kulinda ndala. Kwenye rede nilikuwa wa kwanza kupigwa mpira, maana nilikuwa siukwepi, naungoja. Siku moja kwenye kombolela nilijificha jikoni kwetu, nikakuta sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga, nikasahau kama natafutwa. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto ukitaka kumpoteza, mtoe nje." Basi nikawa mtoto wa dirishani. Nilijua nani kapita, kavaa nini, anachechemea mguu upi.

Asubuhi zetu zilikuwa na harufu ya mbegu za pamba kutoka viwandani, na upepo ukigeuka kutoka ziwani inakuja harufu ya dagaa. King'ora cha kiwanda cha nguo ndiyo ilikuwa saa ya mtaa mzima. Kikilia cha kwanza, akina baba wananawa uso. Kikilia cha pili, wako njiani, na sisi tuko kwenye mchakamchaka, tunaimba huku uji wa muhogo unacheza tumboni. Jioni mama ananunua mapanki, yaani mifupa ya sangara ambaye minofu yake imeshapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunabaki na kichwa, mkia na mgongo. Lakini supu ile! Watoto wa leo wanaokula kuku asiye na mfupa wangeinusa tu wangeomba radhi kwa maisha yao.

Sasa ndiyo maduka yakaanza kujaa. Wadogo zetu hawajui maana yake. Tulizoea duka moja la ushirika, na foleni inayoanza alfajiri. Ukitaka kwenda kunywesha mtoto uji unaweka jiwe mahali pako, na jiwe lile linaheshimiwa kuliko mtu. Ghafla kila kona ina duka, na kila duka lina sabuni za waridi, za kijani, za maziwa. Mama alizinusa zote, akasifia kila moja, akarudi nyumbani na mche ule ule wa siku zote. Alisema zile nyingine zinamtazama.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Magesa, alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeita mtumbwi ng'ambo. Shule ilikuwa inajiandaa kwa siku ya wazazi, na yeye alitakiwa kutoa igizo. Akaingia darasani hana hata karatasi, akauliza:

"Nchi yetu ingekuwa mtu, asubuhi angetokaje nyumbani kwake?"

Tukatazamana. Perpetua, rafiki yangu, ambaye mdomo wake ulikuwa hauna komeo, akasema, "Angevaa suti ya mtumba, mwalimu, imembana hapa." Mvulana mmoja akasema angepitia kilabuni kwanza. "Huyo ni baba yako," wenzake wakamwambia, tukacheka.

"Kabula," mwalimu akaniita, "wewe unayelala macho wazi. Njoo utuonyeshe."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasimama mbele, nikafunga mlango ambao haupo. Nikausukuma tena kuhakikisha. Nikapapasa mfuko wa shati, nikakohoa, nikaondoka haraka, mabega juu, kama mtu anayewahi king'ora. Nilipofika kwenye kona, pale lilipokaa pipa la taka, mwendo ukaniisha. Nikaanza kutembea taratibu, natazama chini, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

Darasa lilicheka sana. Mwalimu Magesa akavua miwani. "Tumempata," akasema. "Huyu hajazaliwa bado, lakini mtaona, kila mtu atadai anamjua."

Tukamtunga siku tatu. Jina lake Mzee Foleni. Amepanga foleni miaka yote, na sasa anaingia kwenye mji wenye maduka yaliyojaa. Hawezi kununua chochote, kwa sababu haoni foleni, na palipokosekana foleni, kwa akili yake, hakuna kitu. Mwalimu akasema mzee huyu nitamcheza mimi, mtoto wa kike, kwa kuwa katika shule nzima hakuna anayejua kusimama kama mimi. Nilichukulia ni sifa.

Siku ya tatu, tukirudi nyumbani, Perpetua akanivuta mkono.

"Kabula, ile kona unayoikunja pale mbele, si kona yenu?"

"Kona gani?"

"Usijifanye. Yule mzee ni baba yako mzima mzima."

Naapa, mpaka dakika ile nilikuwa sijajua. Miguu yangu ilikuwa imeiga yenyewe yale ambayo macho yaliyaona dirishani.

Hapa niseme jambo ambalo mtaa wote ulilijua na hakuna aliyelisema. Kiwanda kilikuwa kimeanza kupunguza watu, na baba alikuwa amepunguzwa tangu mwanzo wa muhula. Yeye hakutuambia. King'ora kikilia alivaa, akachukua chakula alichofungiwa na mama, akaondoka haraka mpaka kwenye kona. Jioni majirani walimsalimia, "Habari za kazi, Baba Kabula?" Naye akajibu, "Nzuri tu." Tulikuwa tunamlinda baba kama watu wanaolinda yai kwenye mfuko wa suruali. Na mimi sasa nilikuwa nataka kulipasua mbele ya wazazi wote wa Nyakato, nikiwa nimevaa koti la mwalimu.

Nikaenda kwa Mwalimu Magesa, nikamwambia naumwa. Unaumwa nini? Nikasema mguu. Mguu gani? Nikamwonyesha, halafu baadaye nikachechemea mwingine. "Ukijitoa nimpe nani?" akaniuliza. "Perpetua anacheka kabla hajafungua mdomo." Nikamwendea mama, nikamuuliza kama baba atakuja. Mama akakoroga sufuria bila kuniangalia. "Ni siku ya kazi. Baba yako atakuwa kiwandani." Nikapumua. Kwa mara ya kwanza niliushukuru ule uongo.

Siku ikafika. Jukwaa lilikuwa kati ya mlingoti wa bendera na darasa la saba, pazia ni khanga mbili za mwalimu wa zamu. Duka tulilijenga kwa matofali, tukapanga makopo matupu na maboksi ya sabuni. Perpetua ndiye mwenye duka. Mgeni rasmi kutoka wilayani amekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Nikatoka nyuma ya pazia, koti limenifika magotini, masharubu ya mkaa, jiwe mkononi. Nikafunga mlango ambao haupo. Watu wakaanza kucheka kabla sijafika kwenye kona.

"Karibu mzee!" Perpetua akaita. "Sukari ipo, mafuta yapo, sabuni za kila rangi!"

"Foleni iko wapi?"

"Hakuna foleni, mzee. Wewe njoo tu ununue."

"Binti, usinidanganye. Kama hakuna foleni, hakuna sukari."

Nikaweka jiwe langu chini, nikasimama nyuma yake, nikaanza kungoja. Mama Shija, jirani yetu wa mlango wa pili, alicheka mpaka akamshika jirani yake begani. "Bhabha wee, huyu ni mimi!" Kila upande nilisikia hivyo hivyo, huyu ni mimi, huyu ni shemeji, huyu ni wale wa kule ofisini. Nikaanza kunogewa. Nikainua uso nipokee sifa zangu.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya benchi la mwisho. Siku ya kazi, saa tano asubuhi, na mfuko wake wa chakula mkononi. Yeye peke yake alikuwa hacheki.

Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikasimama. Kule kusimama kwa igizo kukageuka kuwa kusimama kweli. Nyuma ya pazia Mwalimu Magesa ananong'ona, "Sema, Kabula! Binti, mpo wangapi humu dukani... sema!" Wapi. Watu wakaacha kucheka. Baba akaanza kuja. Akapita katikati ya mabenchi taratibu, ule mwendo wa baada ya kona, na mimi nikawaza anakuja kunishika sikio, na ninastahili.

Akafika mbele. Akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Jamani. Baba yangu mzazi ananipa shikamoo, mbele ya shule nzima. Watu walipiga kelele, makopo nusura yaanguke dukani. Nikawaza nikijibu ni laana, nisipojibu igizo limekufa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema kwa sauti nzito.

"Wa mwisho ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kinatoka nini leo?"

"Hawajasema."

"Basi tungoje." Akaweka mfuko wake chini, pembeni ya miguu yake. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mlingoti, "Mimi wamenipunguza kazini. Nina muda."

Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Nilitaka kugeuka, lakini Mzee Foleni hageuki, anachunga nafasi yake. Ndipo Mama Shija akainuka, akajifunga khanga vizuri. "Na wa kwangu wamempunguza! Sogeeni nipate nafasi!" Akaja. Akamvuta mume wake, ambaye alikuwa anajifanya kufunga kamba ya kiatu. Akaja mzee wa idara ya rangi, wakaja vijana wawili wa mashine. Wengine hawakupunguzwa chochote, walikuja tu kwa kuwa foleni ni foleni. "Usinisukume!" "Mimi nilikuwa nyuma ya huyu dada!" "Mama Shija, umeshaanza, unamwekea nani nafasi?" Wakapashana habari, wakaulizana watoto, wakachekana vitambi vilivyopungua. Perpetua anapiga kelele dukani, "Jamani vitu vipo!" na hakuna anayemsikiliza. Mgeni rasmi akataka kupita mbele aende kufunga sherehe, wakamwambia, "Panga foleni, mheshimiwa!" Akapanga, nyuma ya mtoto wa darasa la pili. Mama mmoja aliyekuwa anapita nje ya uzio aliona mstari, akakimbia kwake, akarudi na ndoo na kikapu. Alipoambiwa ni igizo tu akasema, "Sawa, lakini wa mwisho ni nani?"

Mimi nimeishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyazungumze. Sijui wasomi wanasemaje kuhusu mtu wa kutungwa kubeba roho ya nchi nzima. Ninachojua, mwaka ule tulisikia hotuba nyingi redioni za kutueleza tulipo na tunapokwenda, na watu walizisikiliza huku wakichambua mchele. Aliyetueleza tulivyo ni mzee ambaye hakuwahi kuzaliwa, mwenye masharubu ya mkaa. Tulifundishwa kungoja pamoja, halafu asubuhi moja tukaambiwa kila mtu akimbie na lake, na hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba miguu yake haijui pa kwenda. Baba alikiri kwa sababu mbele yake alikuwepo mtu wa kumfuata, hata kama mtu huyo alikuwa mwanawe ndani ya koti.

Jioni, tukiwa tunakula, baba akaweka tonge chini. "Mama Kabula, nina jambo. Nimepunguzwa."

"Najua," mama akasema. "Tangu wiki ile ile. Mashati yako nafua mimi. Kiwanda gani cha nguo kinanuka sangara?"

Kumbe siku zote alikuwa anashinda mwaloni, anatazama wavuvi wakishusha samaki. Akatutazama mmoja mmoja. "Wote mnajua?"

"Kuku tu ndio hatuna uhakika," mama akasema, na baba akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia muhula mzima. Mwezi uliofuata tukahamia Mkolani, akafungua kibanda cha kushona magunia, na mpaka leo, mzee wa miaka mingi, ananifokea kwamba siku ile nilikuwa nasimama vibaya, mgongo umepinda.

Enzi zile hatukuwa watu wema kuliko hawa wa leo, tulikuwa tu hatuna namna ya kukwepana. Wanangu wanapata kila kitu kwa kidole. Chakula kinakuja mlangoni, fundi anakuja mlangoni, hata kanisa siku hizi linakuja mlangoni. Wakiniona nimesimama mahali wananiuliza, "Mama, unangoja nini?" Nawacheka, lakini nisijifanye bora. Mwezi uliopita Mama Gervas, tunayechangia naye ukuta, amepunguzwa kazi. Habari niliipata kwenye simu, kwenye kundi la mtaa. Nikatafuta picha ya mikono iliyokunjwa kuomba, nikamtumia, nikarudi kwenye kochi langu. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Nilisikia simu yake ikiita upande wa pili, ujumbe wangu ulipoingia.