Hilo Si Busu

Kuna watu hawajui kubisha hodi, hata majini. Shemeji yake Mama Meno ni mmoja wao. Jumapili ile aliingia sebuleni na mfuko wa plastiki uliojaa maji, ndani mna samaki wawili wa rangi ya waridi, kila mmoja ukubwa wa kiganja, na kabla hajamaliza kusalimiwa alikuwa ameshafunua mfuniko wa tangi la kioo.

"Nimewaletea samaki wapendanao!" alitangaza. "Gurami wanaobusiana. Mtajionea wenyewe."

"Shemeji, subiri kwanza." Mama Meno aliinuka haraka. "Samaki wageni hukaa kwenye ndoo yao wiki mbili, tuone kama wana ugonjwa. Halafu hawa ni wakubwa, humu ndani kuna..."

Chubwi! Wameshaingia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji alisema, akajifuta mikono kwenye kitambaa cha kochi. Na mume wa Mama Meno, ambaye angeweza kusema neno, alipiga makofi.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mume, ndiye aliyemsomesha mdogo wake baada ya baba yao kufariki, na wema huo hakuna aliyeusahau, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kitu kikitoka mkononi mwake hupokelewa kwa mikono miwili. Ndiyo maana dirisha la chumbani huu mwaka wa sita halifunguki: limezibwa na kabati alilowaletea bila kuulizwa. Mama Meno alijikaza kisabuni. Lakini kabati halipumui, na halimfukuzi mtu.

Jina la Mama Meno alilipata kazini. Anatengeneza meno bandia kwenye kichumba kilicho nyuma ya kliniki, na mezani pake taya za plasta zimejipanga safu, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Kazi yake ni kuzikutanisha, taya ya juu ishuke juu ya taya ya chini bila jino lolote kubeba mzigo wa wenzake. Anaweka kikaratasi cha bluu katikati, anagonganisha, anatazama alama. Rangi ikikolea mahali pamoja, anajua mwenye meno hayo atakula kwa machozi, kwa hiyo anachukua kisagio anapunguza. Miaka kumi na tisa anatazama vinywa. Kama kuna mtu anayejua tofauti ya kubusu na kuuma, ni yeye.

Na tangi lile alilipanga kwa macho hayohayo. Watu hudhani kufuga gurami wa aina mbalimbali pamoja ni kama kutia mboga kwenye sufuria. Yeye pia alidhani hivyo mwanzoni. Alinunua gurami vibete wawili, madume, kwa sababu tu michirizi yao myekundu na ya bluu ilipendeza. Fahali wawili hawakai zizi moja, methali hiyo alikuwa akiisema tangu utotoni, wala haikumjia akilini kwamba fahali anaweza kuwa na urefu wa kidole. Siku ya tatu mmoja alielea.

Akajifunza. Dume mmoja tu kwa kila aina. Mimea minene, na mingine ya kuelea juu, ili anayefukuzwa apate pa kujificha bila kukosa hewa, maana gurami hupanda juu kuvuta pumzi kama mimi na wewe. Gurami kibete aliyebaki alimpa upande wa kushoto penye gogo. Gurami wa asali, watatu, wa manjano na waoga kama nini, aliwapa katikati. Kulia alikaa gurami lulu na jike lake, miili yao imenyunyiziwa vidoadoa vyeupe. Miaka mitatu hakufa hata mmoja. Na wiki ile ambayo shemeji alileta mfuko wake, koo la lulu dume lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa, na kwenye pembe, chini ya jani, alikuwa anapuliza mapovu madogo madogo na kuyagandisha pamoja. Alikuwa anajenga kiota. Mama Meno alikuwa akikisubiri kiota hicho tangu siku aliyomnunua.

Sasa chai ya Jumapili hiyo haijapoa, wale wageni wawili walisogeleana katikati ya tangi, wakatoa midomo yao minene, wakaigandamiza pamoja, wakaanza kusukumana.

"Umeona? Umeona?" Mume alitoa simu apige video.

"Hilo si busu," Mama Meno alisema. "Wanapimana nguvu. Atakayerudi nyuma ndiye ameshindwa."

Shemeji aliangua kicheko. "Mama Meno bwana! Hata samaki unawapima taya!"

Wakacheka ndugu wawili mpaka wakapigana mabega. Ilimuuma, tena sana, kwa kuwa walimcheka kwenye jambo ambalo alilijua kuliko wote waliokuwa mle sebuleni.

Jumatatu asubuhi alikuta mimea ya juu imetafunwa kingo. Akamwambia mumewe tuwatoe, mume akasema wape muda wazoeane. Jumanne wageni walihama kwenye majani wakahamia kwenye miili ya wenzao. Midomo ile imeumbwa kukwangua ukoga kwenye mawe, na wao wakawa wanaibandika ubavuni mwa lulu wanamkwangua ule utelezi unaomkinga na maradhi. Mama Meno alimvuta mumewe mkono mpaka kwenye kioo.

"Tazama ubavu wake. Umekuwa mwekundu."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Ni zawadi."

"Zawadi ya nani? Mimi sikuomba."

"Unajua kaka alivyo."

Alijua. Wote walijua kaka alivyo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwambia kaka lolote.

Alhamisi alipotoka kazini alimkuta gurami wa asali mmoja, jike, amekufa nyuma ya pampu, mahali pembamba alipojibana akimkimbia mkubwa asiyemjua. Alikuwa na siku tatu hajala. Mama Meno alimtoa kwa kijiko cha chai.

"Pole," mume alisema. "Lakini si samaki tu? Tutanunua mwingine."

Mama Meno alikiosha kijiko mara tatu, kwa sababu jibu alilokuwa nalo lingevunja nyumba. Ijumaa alijaza maji kwenye ndoo, akachukua wavu mdogo, akafunua mfuniko. Mume akaja mbio akiwa na mswaki mdomoni.

"Jumapili anakuja na wakubwa wenzake wa kazini, ameshawahadithia! Akikuta hawapo nitaificha wapi sura yangu?"

Mama Meno akayamwaga maji. Hilo ndilo analojilaumu nalo mpaka kesho, kwamba aliyamwaga.

Jumamosi jike la lulu lilitaga. Mayai madogo kuliko punje za mtama yalinasa kwenye lile povu, na kila lililodondoka, dume, na ubavu wake umechubuka vile, alilidaka kwa mdomo akalirudisha mahali pake. Kisha anageuka kuwafukuza wageni. Kisha anarudi. Mama Meno alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumapili shemeji akaja na mabwana wawili wenye viatu vya kung'aa. Hawakuwa wameketi vizuri, wageni wa tangini wakakutanisha midomo, sebule ikajaa vicheko.

"Mnaona upendo huo?" shemeji alisema, akasimama mbele ya kioo kama mwalimu. "Nyumba zetu zingekuwa hivi! Huyu shemeji yangu nimempa somo la ndoa, bure kabisa." Halafu akainama, akakunja uso. "Lakini mbona hapa pana povu chafu hivi? Shemeji, tangi halioshwi?"

Akafunua mfuniko, akazamisha kiganja chini ya kiota, akaanza kuzoa.

Mama Meno hakukumbuka kuinuka. Alichokumbuka ni kwamba ameushika mkono wa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mbele za watu, na ameukaza.

"Toa mkono."

"Unasemaje?"

"Toa mkono wako kwenye maji yangu. Huo si uchafu. Hao ni watoto."

Mkono ukatoka taratibu. Nusu ya povu ilikuwa imetawanyika, na dume lilikuwa linahangaika huku na huku likiokota.

"Leta ndoo," Mama Meno alimwambia mumewe. Mume alibaki ameganda na kikombe chake. "Nimesema leta ndoo!"

Ikaletwa. Akawavua wale wawili, mmoja, wa pili, akaiweka ndoo miguuni pa shemeji.

"Kweli asante ya punda ni mateke," shemeji alisema. "Mimi niliyemsomesha huyu!"

"Ulimsomesha, na Mungu akulipe. Mimi hukunisomesha, shemeji, wala hawa. Wiki nzima wamekwanguliwa ngozi na mmoja amekufa, wewe unaita upendo. Mrudishie aliyekuuzia."

Mabwana wawili walitazama viatu vyao. Shemeji alingoja mdogo wake aseme kitu, mdogo wake hakusema, na hatimaye mmoja wa wale mabwana ndiye aliyeibeba ndoo mpaka kwenye gari.

Gari lilipoondoka, mume alikaa kwenye kochi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mke wangu," alisema, "kama lilikuwa linakuuma kiasi hiki, si ungeniambia tu mapema?"

Mama Meno alifunika tangi. Akavuta kiti, akaketi mbele yake magoti yakikaribia kugusana, kisha akaanza na Jumatatu. Akamtajia alichomwambia, saa alizomwambia, mume alikuwa amevaa nini na alijibu nini. Akaja Jumanne. Mume akafungua mdomo.

"Bado," Mama Meno alisema. "Sijamaliza Jumanne."