Kitabu Kimoja kwa Watoto Kumi

Wasomaji, mkosaji ni mimi. Nimetafuta wa kumlaumu nikamkosa.

Mimi si mtu mdogo. Nilitoka bonde la Ruzizi bila viatu, nikaosha sahani za mapadri ili nisome, nikarudi kwetu na diplome ya ualimu, wa kwanza kijijini. Nikapewa shule niiongoze. Wazazi waliuza pamba yao, wakaniletea pesa za vitabu vya kusoma, kila mtoto chake.

Nilinunua vitabu vinne tu, kimoja kwa kila darasa! Pesa zilizobaki nilizipeleka dukani Uvira, nikashonesha nguo nyeupe kwa shule nzima, nikaongeza na ngoma ya gwaride. Nilitaka enspekta, mkaguzi wa shule, aione shule ya mtu aliyesoma.

Basi katika darasa la nne watoto kumi walizunguka kitabu kimoja sakafuni. Waliokaa ng'ambo waliyaona maneno kichwa chini, wakajifunza kuyasoma hivyo hivyo. Nilijua. Nilicheka tu.

Enspekta alikuja kuamua kama tutapewa darasa la tano. Gwaride lilimpendeza. Kisha akamwita Feza, binti wa mjane mmoja, msomaji wangu bora, akamtia kitabu mkononi. Feza alikigeuza kichwa chini, asome kama alivyozoea. Kabla hajafungua kinywa, enspekta alimnyang'anya, akaniuliza mtoto huyu ana nini.

Ningesema tu, mwache asome. Lakini angeuliza vitabu viko wapi. Nikatabasamu.

"Bwana, hawa ni basenji tu, batu ya pori. Kitu haiingie mu kichwa yao."

Darasa la tano tukanyimwa. Mimi nikasifiwa kwa uvumilivu, nikahamishiwa mjini. Uchafu gani huu!

Siku ya kuondoka nilipita shambani, Feza akivuna pamba na mama yake. Mama hakunisalimu.

"Weye mwalimu, ulijua mutoto iko najua kusoma," alisema. "Miye sijui hata herufi moja, lakini ile nilijua."

Nilikanyaga baiskeli, nikaenda zangu.

Walimu wenzangu, msiwatukane watoto mbele ya mkubwa ili kuficha mlichoharibu. Mkubwa atapanda gari lake aende. Neno lenu litabaki kijijini na yule mtoto. Feza hajashika kitabu tena.