Jumamosi Tuliyoijaribia Seville

Mwezi mmoja kabla ya safari yetu ya Seville, Uhispania, mume wangu alitangaza wakati wa chakula kwamba bajeti ni kama nguo ya harusi, haingojwi siku yenyewe ndipo ijaribiwe. Hoteli ilikuwa imeshalipwa. Kwa mengine yote alikuwa ametenga euro themanini kwa siku, yeye, mimi na binti yetu: chakula, mabasi, viingilio, na fungu dogo la mwisho aliloliita "tamaa", euro tano. Sasa alitaka Jumamosi moja tuishi kwa fedha hizo hapa hapa mjini kwetu, Germantown.

"Tena bila gari," alisema. "Kule hatuna gari."

Mume wangu ni mtu wa Tanga, fundi wa viyoyozi, na kitu asichokipima hakiamini. Binti yetu ana miaka kumi na sita. Tunamsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza. Aliuliza kama anaweza kubaki kitandani, awe mwenyeji wa Seville.

Asubuhi tukatoka kwa miguu. Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya magari, na njia ya waendao kwa miguu huishia ghafla kwenye nyasi. Tulikuwa kwenye nyasi hizo pale jirani yetu, mama wa Kikongo, aliposimamisha gari.

"Mama, motoka yenu imekufa?"

"Hapana," mume wangu akajibu. "Tuko Uhispania."

Jirani alimtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Akaniambia taratibu kwamba nikiwa na shida yoyote nimpigie simu.

Kwa kuwa Germantown haina kasri, mume wangu alitupeleka maktaba ya umma. Kuingia ni bure, lakini mlangoni alitoa noti mfuko wa kushoto, akazihamishia wa kulia, akasema hicho ndicho kiingilio. Tukazunguka kati ya rafu tukiwa watalii. Nilijitahidi kushangaa.

Tulipotoka njaa ilikuwa imeshatushika. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la kuku wa kukaanga, halali, mlango wazi, harufu yake imejaa mpaka kwenye benchi tuliloketi. Mume wangu akatazama saa.

"Haiwezekani," alisema. "Seville saa hizi wamefunga, wamelala usingizi wa mchana."

"Lakini hawa hawajalala," nikasema.

"Sisi tuko Seville."

Binti yetu akainuka, akavuka barabara. Alirudi na boksi la kuku, akaketi katikati yetu, akaanza kula.

"Hiyo umeitoa fungu gani?" baba yake akamuuliza.

Akamaliza kutafuna kwanza. Kisha akajibu kwa Kiswahili safi: "Tamaa."

Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka. Mume wangu akachukua paja, halafu akachukua la pili. Mazoezi yakaishia pale.

Mwezi uliofuata tukaenda kweli. Jioni ya kwanza, kwenye mgahawa karibu na mto, mume wangu aligonga meza na kumwambia mhudumu, "Meza." Yule kijana akasema, "Mesa, sí." Mume wangu akashika kopo la sukari. "Sukari?" "Azúcar." Basi, macho yakamng'aa kama aliyekutana na binamu yake uwanja wa ndege.

"Hawa ni ndugu zetu," alituambia.

Kuanzia hapo hakuagiza chakula, aliagiza maneno. Zafarani ikaja juu ya sahani kubwa ya wali. Limau likaja na samaki mzima, ambaye hakuna aliyemtaka. Kila neno lililofanana lilisherehekewa kwa sahani nyingine, na bili ilipoletwa ilizidi fedha za siku nzima. Akalipa akitabasamu, akampa yule ndugu yake mkono.

Kesho yake tulikula mkate na zeituni bustanini, kwa sababu hapakuwa na fedha za kingine. Zeituni nazo, alituarifu, ni aceituna.