Game ya tenki ya Kimulot: ni nani alibomoa nyumba ya kuku?

Chamgei wakuu. Wale hamjui hiyo salamu itikieni tu, haina ubaya.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la saba na sijawahi kuitafuta tena. Lakini hii naandika mwenyewe, kidole kimoja, na nitaiandika vile ilikuwa hata pale inaniuma. Kama kuna mtu wa Kimulot humu ndani, anisahihishe.

Wiki kadhaa zimepita kulikuwa na uzi hapa. Kijana mmoja alisema game za zamani zinasifiwa bure. Ati ukitoa kumbukumbu za utoto hakuna kitu inabaki. Graphics ni matope, story hakuna, sauti ni kama redio imeingia maji.

Nilimjibu, na wengi wenu mlisoma. Nilimwambia game ya tenki ndiyo kubwa kuliko game zote zimewahi kutengenezwa, na mimi ndiye nilikuwa bingwa wake Konoin nzima. Nikaongeza kwamba akitaka kujua mimi ni nani, afike Kapsoit aulize mwenye hardware ya ghorofa ni nani. Ataonyeshwa hata na mbuzi.

Kijana hakubishana. Aliuliza tu, "Mzee, mara ya mwisho uliicheza lini?"

Nilizima simu. Ilikuwa miaka zaidi ya thelathini.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndiyo muelewe.

Kimulot ya wakati huo, stima ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu ikienda factory. Sisi huku chini tulikuwa na koroboi. Lakini karibu na buying centre, pale tunapeleka majani chai kupimwa, kulikuwa na duka la mzee mmoja tulimwita Baba Wambui. Watu wao walitoka Murang'a kitambo, wakanunua shamba kwetu. Huyo mzee alikuwa na TV ya black and white, betri ya lori, na mashine ya game ya kaseti yenye pad mbili.

Sasa mtu hajakulia kwenye chai hajui hii. Lori la majani halina saa. Linaweza kuja saa nane, linaweza kuja saa kumi na moja, na mvua ikinyesha barabara inateleza kama sabuni. Wewe umeshachuma, umeshatoa majani mabaya, umekaa. Huwezi kwenda nyumbani, kwa sababu lori likikupita majani yanachomeka ndani ya gunia na kazi yako ya siku imeenda.

Kwa hivyo unangoja. Na tulikuwa tunangojea kwa Baba Wambui.

Game yenyewe ilikuwa hivi. Mko wawili, kila mtu na tenki yake. Adui wanatoka juu ya screen. Chini katikati kuna ndege amezungushiwa matofali, na kazi yenu ni kumlinda. Yule ndege sisi tulimwita kuku, na yale matofali tukaita nyumba ya kuku. Shida ni kwamba hata risasi yako mwenyewe inaweza kuua kuku. Kuku akikufa, game over, hata kama mlikuwa mmebakisha adui mmoja.

Partner yangu alikuwa Rono, kijana wa boma la pili kutoka kwetu. Mimi na yeye tukishika pad, watu walikuwa wanaacha foleni ya mzani. Karani wa buying centre alikuwa anakuja kutufukuza, halafu anasimama kuangalia.

Vidole vyetu vilikuwa vyeusi. Majani chai yana utomvu unashika mkono, hautoki na sabuni wala majivu. Ule utomvu uliingia ndani ya zile pad. Button ya kupiga risasi ya pad ya pili, ile ya Rono, ilikuwa inanasa mpaka uigonge kwa goti.

Shikeni hapo.

Baba Wambui alikuwa anataka kufungua duka lingine Chepseon. Alihitaji mtu wa kuangalia hii ya kwetu, kuchaji betri, kusimamia game. Siku moja akatuambia mimi na Rono, "Nyinyi wawili ndio nawaamini. Mkinifikishia hii kitu mwisho, nitaona ni nani ana kichwa cha kazi."

Alisema akicheka. Sisi hatukucheka. Wote wawili tulikuwa tumeacha shule, na mbele yetu kulikuwa na gunia la majani mpaka uzee.

Ilikuwa siku ya mvua, lori limekwama mahali. Tulicheza mpaka stage ambayo hakuna mtu alikuwa ameiona. Duka lilijaa, watu wamepanda juu ya magunia ya mbolea. Adui walibaki watatu. Wakashuka. Sisi wote tukakimbilia nyumba ya kuku kuilinda.

Na kumbukeni TV ni black and white. Tenki yangu ni kijivu. Tenki ya Rono ni kijivu. Tukikaa karibu, ni Mungu tu anajua ipi ni ya nani.

Risasi ikatoka upande wetu. Kuku akalipuka.

Mimi ndiye nilisimama kwanza. Nikasema, "Rono amebomoa."

Rono akasema, "Si mimi."

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, nikimnyooshea kidole. Watu wakaguna, wakaanza kucheka, na mama mmoja akasema, "Huyu Bomoa." Hivyo tu. Jina likamshika kama ule utomvu.

Kazi nilipata mimi.

Wakuu, siwadanganyi, niliamini ni yeye. Sikupanga uongo. Niliamini hivyo miaka yote.

Kutoka pale nilijifunza kuchaji betri, nikajifunza kutengeneza redio, nikaanza kuuza waya na balbu stima ilipofika, halafu misumari, halafu mabati. Leo nina hardware mbili, lori mbili, na watoto watatu university. Mkinisikia mahali popote nikiongea, huwa nasema, "Mimi sikushikwa mkono na mtu."

Rono alibaki na shamba la baba yake. Chai kidogo, ng'ombe watatu. Na jina.

Msicheke hilo jina. Alipoenda kuposa mara ya kwanza, kwenye koito, yale mazungumzo ya uchumba, wajomba wa msichana waliuliza kwa nini kijana anaitwa Bomoa. Mzee mmoja wa upande wetu, mtu mkweli ambaye hajawahi kuona game, akajibu, "Alibomoa nyumba ya kuku." Wale wajomba wakaangaliana. Wakafikiri ni mwizi wa kuku. Mazungumzo yakaahirishwa, na hayakurudi tena. Yule msichana akaolewa Sotik.

Hiyo story nimeisimulia kwa harusi zaidi ya kumi. Mimi ndiye bingwa ndani yake, Rono ndiye kichekesho. Yeye akiwa pale huwa anacheka na watu.

Sasa turudi kwa swali la yule kijana.

Lilinikaa. Nikaenda Kericho town, nikapata duka lina mashine ndogo yenye mamia ya game za zamani ndani. Ya tenki ilikuwemo. Nikampigia Rono, nikamwambia Jumapili ukitoka kanisa kuja Kapsoit, nina kitu.

Alikuja na suti yake ya kanisa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, alichomletea mke wangu. Nikawasha TV yangu ya sitting room, ile ya inchi sitini na tano, nikasimama mbele kama mtu anazindua barabara.

Game ikatokea.

Mke wangu aliangalia kidogo, akauliza, "Baba Kiptoo, ni hii tu?"

Na mimi kwa roho yangu niliuliza hivyo hivyo. Kitu ni kidogo. Sauti ni ti-ti-ti. Matofali yanarudia yale yale. Kijana, kama unasoma, hapo ulikuwa na haki na nakupa.

Lakini Rono alikuwa amesogea mpaka pua karibu iguse screen.

"Kumbe zina rangi," akasema.

Zilikuwa na rangi. Moja ya njano, moja ya kijani. Tulicheza ile game zaidi ya miaka mitatu na hatukuwahi kujua. Tulicheka mpaka machozi, wazee wawili na tumbo zao. Halafu tukashika pad, na sijui niwaelezeje, vidole vilijua. Rono alienda kushoto bila kuniambia, mimi kulia. Nilisikia harufu ya majani mabichi ndani ya sitting room yangu.

Tukapanda stage baada ya stage. Njano ni mimi, kijani ni yeye.

Halafu adui wawili wakashuka upande wa kuku. Nikarudi mbio kulinda, vile nimefanya siku zote, nikipiga risasi nikishuka. Kuku akalipuka.

Nikasema, "Rono, bado unabomoa tu."

Ilitoka yenyewe, kwa mazoea.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Hiyo ya njano si ndiyo yako?"

"Machine inachelewa," nikasema. "Turudie."

Tukarudia. Adui wakashuka. Nikarudi mbio, nikipiga. Kuku akalipuka tena, na tenki ya kijani ilikuwa huko mbali juu kabisa, haina hata haja ya kuulizwa.

Nikaweka pad chini.

Rono alikuwa anakunywa mursik pole pole.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Siku ile button yangu ilikuwa imenasa," akasema. "Niliigonga kwa goti, haikuachia. Sikupiga risasi hata moja hiyo stage."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Wewe ulisema kwa sauti kubwa zaidi."

Hakusema na hasira. Ni kama mtu anakuambia mvua ilinyesha mwaka ule.

Nilitaka kumwambia sikujua. Nikamwambia. Akasema, "Najua hukujua. Lakini pia hukuuliza." Halafu akamwomba mke wangu viazi viwili vya kuchemsha, akala, akaniambia ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Nikampeleka mpaka Kimulot na gari. Alipokuwa anashuka nikamuuliza anataka nini kwangu. Nilikuwa tayari kwa chochote, kusema ukweli nilikuwa nimeshafikiria hata ng'ombe wa grade.

Akafikiria kidogo. "Mjukuu wangu ameanza shule," akasema. "Wanamuita Bomoa mdogo."

Akafunga mlango.

Siku mbili sikulala vizuri. Mnijue, mimi ni mtu wa kuongea. Nimeongea mbele ya MCA, nimeongea mbele ya askofu. Lakini kusimama mbele ya watu wa kwetu na kusema kwamba kile kitu nilichowaambia maisha yangu yote kilianzia kwa makosa yangu, na mwingine ndiye alibeba, hiyo sikuwa nimewahi.

Jumatano nikaenda buying centre mchana, watu wakingoja lori. Sasa wana mzani wa digital na kila mtu ana simu, lakini kungoja ni kule kule. Rono alikuwa kwa foleni na gunia lake. Nikasimama pale kwa veranda na kuwaambia. Nikasema ile siku ya game, aliyebomoa ni mimi. Rono hakupiga risasi. Kazi ya Baba Wambui ilikuwa pia yake kuipata, na mimi niliichukua kwa mdomo.

Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma akasema, "Arap Koech, ongea kwa nguvu. Leo husikiki."

Wakuu, mimi, kuambiwa sisikiki.

Nikasema tena yote, kutoka mwanzo, kwa nguvu. Wengine walicheka. Wengine, wale wa rika letu, hawakucheka. Mmoja akamwangalia Rono na kutikisa kichwa.

Halafu foleni ikasonga. Karani ni kijana mdogo, hakuwa amezaliwa wakati huo. Akaita kwa mazoea, "Bomoa, leta." Akajirudi, akaangalia simu yake, akatafuta kwa orodha, ikachukua muda kidogo.

Akaita, "Joseph Rono."

Rono akabeba gunia lake, akaliweka kwa mzani.

Sasa swali la uzi: game za zamani zinastahili sifa au hazistahili?

Jibu langu ni hili. Ile game si kubwa kuliko zote. Mtoto wangu ana game kwa simu yenye tenki unaona mpaka misumari yake, jina lako liko juu ya kichwa, na ukibomoa kuku dunia nzima inajua ni wewe, na replay juu. Hiyo ni kazi bora, nakubali. Lakini hakuna game ya sasa imewahi kunifanya nicheze katikati ya magunia ya mbolea na watu arobaini wakipumua kwa shingo yangu. Sifa tulizoipa nyingi zilikuwa zetu wenyewe. Tuliiwekea rangi sisi.

Na somo ni dogo. Kama hukuona vizuri, usiwe wa kwanza kusimama.

Rono anakuja Jumapili hii tena. Ameomba pad ya kwanza, ile yangu, nimempa.

Sasa nyinyi mliocheza kwa black and white, semeni hapo chini mlicheza wapi na mlikuwa mnangoja nini. Na kama kuna mtu ulimbandika jina likamkalia, usianzie hapa kwa comments. Mpigie kwanza.