Pale Shangazi Anapoanzia

Kwetu Ngungu, wimbo wa kanisani hauanzishwi na piano. Unaanzishwa na shangazi yangu. Anasimama mstari wa mbele wa korali, anavuta kitenge juu ya bega, halafu anaanzia pale anapotaka. Kama asubuhi hiyo amepanda kilima na mzigo wa viazi, anaanzia chini, sauti ya kifuani. Kama amelala vizuri, anaanzia juu mpaka akina mama wa nyuma wanaangaliana. Hakuna anayemuuliza. Piano ndiyo inayopaswa kumtafuta, na mpiga piano ni mimi.

Nilikubali kupiga kwa sababu moja tu, nisidanganye: piano yetu ya umeme iko pembeni, nyuma ya spika kubwa, na anayepiga anaangalia ukuta. Mimi nina haya. Darasani mwalimu akiniita, jibu ninalo, lakini mdomo unakauka. Nyuma ya spika hakuna aliyeniona.

Wapiga piano wengi wa huku wanajifunza nyimbo zote kwenye toni moja, do, kisha wanabonyeza kitufe kinachohamisha sauti juu au chini, vidole vinabaki palepale. Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini piano yetu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na kitufe hicho kilikuwa kimezama ndani, hakirudi. Basi nikawa ninamfukuzia shangazi kwa vidole. Niliteremsha sauti ya piano mpaka karibu na kimya, nikainamisha kichwa, nikagusa noti moja moja hadi nimpate, kisha nikapandisha sauti kama mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Mama mmoja wa korali alimwambia mama yangu kwamba binti yake anaomba sana kabla ya kila wimbo. Mama hakumkatalia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Mara nyingine nilimpata shangazi wimbo ukiwa unaisha. Tukitoka nje ananicheka.

"Leo ulinitafuta mpaka Minova?"

"Shangazi, si uanzie fasi moja kila siku?"

"Fasi moja? Miye niko kengele?"

Muziki wa jazi niliukuta dukani. Kuna mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, anauza kila kitu, kuanzia misumari mpaka simu, na anaweka nyimbo kwenye kadi za simu. Nilimwomba nyimbo za kanisa kwenye kadi ya simu ya papa, baba yangu mzazi. Katikati yao nikakuta piano peke yake, bila mwimbaji. Mara ya kwanza nilifikiri kadi imeharibika. Mpiga piano alianza wimbo, akautoka, akazungukazunguka huko nje, na aliporudi wimbo ulikuwa bado unamngoja. Nilirudi dukani kuuliza ni kitu gani.

"Ile iko jazi," mfanyabiashara akasema. "Iliingia na zingine. Leta nitoshe, nifute."

"Hapana, Papa. Iache."

Tangu hapo, wakati watu wanapeleka matoleo, nilikuwa ninatoka kidogo kwenye wimbo na kurudi, polepole, chini ya miguu yao.

Nilipomaliza sekondari nilimwambia papa yangu kwamba ninataka piano iwe kazi yangu. Tulikuwa shambani. Aliweka jembe chini, akafikiri kweli, hakunidharau.

"Piano haiko kazi," akasema. "Kazi ni pale ukichelewa, muntu anauliza uko wapi. Sasa piano, nani atakuuliza?"

Yule mfanyabiashara alikuwa anatafuta msichana wa dukani, na papa akakubaliana naye: arusi ya binti wa mfanyabiashara ikishapita, nitaanza kuuza. Nilisema ndiyo. Usiku nililia, asubuhi nikaosha uso.

Arusi ilifanyika Shasha, kwa kina bwana arusi, kando ya ziwa. Korali yetu, pamoja na piano na spika, ilishushwa huko kwa lori la mfanyabiashara. Kwa vile hakuna aliyebeba mzigo siku hiyo, shangazi alianzia juu sana. Nilimpata kabla hajamaliza neno la kwanza. Siku hizo sikuwa tena ninateremsha sauti.

Misa ilipoisha, papa mmoja, mtu mzima mwenye saksofoni shingoni, alikuja nyuma ya spika. Alikuwa mkubwa wa orkestra ya jazi iliyoitwa kwa ajili ya karamu.

"Weye njo ulikuwa mu piano?"

Niliitika kwa kichwa.

"Ule mama alikuambia toni mbele ya kuanza?"

"Ata siku moja, Papa."

"Na ulimupata wapi?"

"Pale alikuwa."

Alicheka. Mpiga piano wao alikuwa ameenda masomoni Kampala, na jioni hiyo walitaka kupiga bila mtu wa piano. "Kuja ujaribu na sisi," akasema. "Ukianguka, tutasema iko jazi."

Karamuni, piano yao ilitazama watu. Ukuta ulikuwa nyuma yangu, mbali. Meza ya mbele alikaa mfanyabiashara, bosi wangu wa juma lililofuata, na meza ya pembeni shangazi na korali.

Mwanzoni nilikuwa sawa. Mkubwa hakusema toni, alianza, nikamfuata. Bibi arusi alipoingia, mkubwa alipandisha wimbo nusu toni bila kuniangalia, nikapanda naye. Mpiga besi akageuka. "Eh, huyu mutoto iko na masikio." Kufuata nilikujua.

Halafu mkubwa akashusha saksofoni, akaninyooshea kidole. Ngoma ikanyamaza. Besi ikanyamaza. Kutoka kwenye ile kadi nilijua kwamba katika jazi kuna mahali wote wanamwachia mtu mmoja. Sikuwahi kufikiri mahali hapo pangekuwa pangu. Nilisikia vijiko kwenye sahani. Hakukuwa na mtu wa kufuata.

Kwa mazoea niligeuka kumtafuta shangazi. Alikuwa anatafuna nyama. Alinitazama, akafuta mdomo, akavuta kitenge chake juu ya bega namna anavyofanya kila Jumapili. Nilingoja aimbe. Hakuimba. Alirudia nyama yake.

Basi nikaanza pale mkono ulipoangukia. Ilikuwa fa diyezi, toni ya shangazi ya asubuhi za viazi, vidole vyote juu ya noti nyeusi. Nilichukua wimbo wetu wa matoleo, nikautoka, nikapanda nao vilima, nikateleza sehemu moja na kugeuza kuteleza kule kuwa njia. Mpiga besi akaanza kunitafuta. Nilimwona ameinama, anagusa nyuzi polepole, kama mimi nyuma ya spika.

"Uko wapi, weye?" akaniuliza huku anacheka.

"Fa diyezi."

"Mama yangu. Nani anaishi kule?"

Akanipata. Kisha ngoma, kisha saksofoni. Nikainua kichwa. Watu wote walikuwa wananitazama, na woga ulikuwepo bado, lakini mikono haikuujali. Shangazi alipiga vigelegele mdomo ukiwa umejaa. Mfanyabiashara alikuwa amesimama, anacheza na chupa ya soda mkononi.

Tulipomaliza, mkubwa alisema wanapiga kwenye hoteli moja kando ya ziwa kila siku ya posho, yaani kila Jumamosi, na kwamba nafasi ya piano ni yangu nikiitaka. Niliitaka. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Kwa kuwa sina simu, nilimpa namba ya papa.

Mfanyabiashara mwenyewe alikuja kuongea na papa. "Ule mutoto nimuweke mu duka afanye nini? Nitatafuta mwengine wa kuuza misumari." Papa alimsikiliza, akasema tutaona.

Siku ya posho ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri na barabara ikawa uji. Pikipiki iliyokuwa inichukue haikuonekana. Nilisimama mlangoni, viatu vya kanisani ndani ya mfuko, nikisikiliza kila mngurumo. Simu ya papa ikalia. Akasikiliza. "Ndiyo, Papa. Ndiyo." Akafunika simu kwa kiganja.

"Wanauliza uko wapi," akasema. "Wanasema unachelewa."

Tuliangaliana. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akavaa buti zake, akachukua mfuko wa viatu mkononi mwangu, akatangulia mbele yangu kwenye matope kutafuta pikipiki, na kila jirani aliyetusimamisha kutusalimia alimwambia bila kupunguza mwendo, "Mutusamehe, tunachelewa ku kazi."